Meeta Ugenini

Kule Bolivia watu hawasalimiani kwa mdomo peke yake. Wanakushika bega, wanakuegemezea shavu, ndipo neno linafuata. Mtoto, mzee, padre, muuza viazi: wote ni shavu. Mimi nililelewa Endasak, kwenye miteremko ya Hanang, ambako mdogo husema shikamoo kabla hajafungua mdomo kwa jambo lingine lolote. Wiki ya kwanza nilijiona kama mtu anayetukana wazee kutwa nzima. Nilitafuta katika daftari langu la Kihispania salamu ya kumpa bibi wa miaka sabini, iliyo tofauti na ile ninayompa binti yake. Sikuiona. Palikuwa na shavu tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mnovisi wa shirika la masista wamisionari. Tulipewa miezi minane ya kujifunza lugha katika mji mmoja wa milimani, kila mmoja akikaa na familia ili maneno yatuingie jikoni na sokoni, si darasani tu. Mwisho wa miezi hiyo mlezi wetu, sista Mhispania mwenye sauti ndogo na macho yasiyokosa kitu, angeandika nani anafaa kuweka nadhiri na kupelekwa kwenye vijiji vya juu, na nani hafai. Nilitaka kufaa. Nilitaka kwa namna ambayo leo inanitia aibu kidogo: niliamka nikitaka, nikala nikitaka, nikasali nikitaka.

Na lugha yenyewe ilinikubali. Ile sauti yao inayokwaruza koo, iliyowatesa wenzangu, mimi niliitoa siku ya kwanza. Mwalimu akaniuliza niliisomea wapi.

"Kwa ng'ombe," nikamjibu. "Ng'ombe wa kwetu wanaitwa kwa koo."

Darasa lilicheka, nami nikajua kwamba nimechekesha kwa Kihispania, na siku hiyo nilitembea barabarani kama mtu aliyepewa shamba.

Familia yangu ilikuwa watu wawili: mjane mwoka mikate, na binti yake wa umri wangu, aliyekuwa na mimba na hakuwa na mume. Kila asubuhi binti huyo alikamata mkono wangu na kuuweka tumboni mwake. "Sikia," alikuwa akisema, "anapiga teke la Kiafrika. Wewe ndiye unayemfundisha utundu." Nami niliubakiza mkono pale hadi teke lije.

Barua ilifika mwezi wangu wa tano. Baba hakujua kuandika. Alitamka, mwalimu wa shule ya msingi akaandika. Ilisema kaka yangu mkubwa, mzaliwa wa kwanza, amefariki kwa homa katika kambi ya mashamba ya ngano ya serikali huko Basotu, alikokuwa dereva wa trekta. Aliugua siku tatu. Amezikwa nyumbani. Halafu: "Sisi tunakaa kwetu. Wewe soma."

Nilisoma maneno hayo matatu, sisi tunakaa kwetu, nikaketi chini. Mwalimu hakuhitaji kueleza zaidi, na baba asingethubutu, maana parokia ilikuwa imekataza jambo hilo na bado kila mtu alilifanya. Kwetu Wairaqw, nyumba ikifiwa na mtoto, hasa wa kwanza, inaingia meeta. Inajitenga mwaka mzima au zaidi. Haiingii kwa jirani, haishiki mkono wa mtu, haigawani kikombe wala moto. Ng'ombe wake hunywa chini ya mto, baada ya wengine. Si adhabu. Kifo kimewakaa mwilini kama umande, na mtu mwenye adabu hauingizi umande huo kwenye nyumba ya mwenzake, zaidi sana nyumba yenye mimba.

Nilikuwa na miaka saba mdogo wetu mchanga alipokufa. Mwaka ule nilicheza mpira wa matambara peke yangu upande wetu wa njia, na watoto wa jirani wakacheza upande wao. Wa kwao ukiangukia kwetu, niliusukuma kwa kijiti. "Asante!" walipiga kelele. "Na wewe mzima?" Hawakunidharau. Walinisalimu kwa sauti kubwa kila asubuhi, na mama yao aliacha maziwa juu ya jiwe, akarudi nyuma, ndipo mama akaenda kuyachukua. Hivyo ndivyo nilivyojifunza heshima: kwa umbali.

Sasa nilikuwa uani kwa mjane, barua mkononi, na binti yake akitoka jikoni na shavu lake na tumbo lake la miezi sita.

Nilirudi nyuma.

Alidhani nacheza, akanifuata. Nikarudi tena hadi mgongo ukagusa ukuta, nikanyoosha viganja vyote viwili kumzuia. Akasimama. Unga ulikuwa bado kwenye vidole vyake.

Tangu siku ile nilikula uani, na kikombe changu nilikiosha mwenyewe. Niliomba kulala katika chumba cha kuni. Darasani nilivuta dawati hadi mlangoni. Walipouliza kuna nini, nilikusanya Kihispania changu chote, nikaona ni kidogo kama akiba ya kuku. Nilisema: nyumba yangu, kifo, mimi mchafu. Mjane akaniletea sabuni.

Binti ndiye aliyeumia. Nilimsikia jikoni akimwambia mama yake, "Mtawa gani huyu? Ameliangalia tumbo langu siku zote hizo, leo ndiyo amekumbuka kwamba sina mume?"

Nilitaka kuingia nimwambie kwamba ninafanya hivi kwa sababu yake, kwamba kila hatua ninayorudi nyuma ni kwa ajili ya huyo mtundu wake. Lakini kuingia ndiko nilikokataa. Nikabaki nje na kikombe changu.

Mlezi aliniita baada ya wiki sita. Sikuketi kwenye kiti alichonionyesha.

"Umefiwa," alisema. "Ungesema mapema, tungekuombea misa."

"Nilisema, Sista."

"Ulisema wewe ni mchafu. Hakuna mtu mchafu hapa."

"Kwetu..."

"Kwetu ni wapi sasa, mwanangu?" Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na hilo ndilo lililonishinda. "Tunataka kukupeleka kwa watu ambao maisha yao yote wamekataliwa kuguswa. Unaona?"

Nilisogea hatua moja karibu na mlango.

"Jumapili, wakati wa kutakiana amani, umpe mkono yule binti. Ukiweza, yamekwisha. Usipoweza, nenda nyumbani ukaomboleze. Nitakupa miezi mitatu uniandikie na urudi. Ikipita hiyo, nitajua umechagua."

Jumapili binti alikuja mwenyewe hadi nilipokuwa nimesimama, nyuma kabisa ya kanisa. Nadhani mlezi alimwomba. Alikuwa amevaa sweta la buluu lililomkaza tumboni. Akanyoosha mkono, akasema neno la amani, akangoja. Watu wa kiti cha mwisho waligeuka.

Nilificha mikono yangu mgongoni.

Siku ya kuondoka, mjane hakuja na shavu. Aliweka mkate wa moto juu ya ukuta wa ua, akarudi nyuma hatua tatu, akaniinamishia kichwa. Sijui nani alimfundisha. Labda msiba una adabu zake kila mahali. Binti hakutoka ndani.

Basi la kutoka Arusha lilinishusha Endasak mchana. Nilipanda na sanduku langu kati ya mahindi hadi nikaona uzio wa minyaa wa nyumbani, na mama amekaa uani mbele ya mlango. Aliinua kichwa.

"Simama hapo hapo!"

Nikasimama njiani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usivuke. Wamekurudisha?"

"Wamenirudisha."

"Una mimba?"

"Hapana, mama!"

"Umeiba?"

"Sijaiba."

"Sasa?"

Nikamweleza kwa sauti kubwa, kwa Kiiraqw, njiani, yote: barua, chumba cha kuni, mkono wa Jumapili. Ilikuwa mara ya kwanza maneno kunitosha tangu kaka afe. Baba alitoka nyuma ya nyumba akasikiliza, jembe begani.



"Nani alikuambia ukae meeta?" mama aliuliza.

"Barua ilisema mnakaa kwenu."

"Sisi ndio tunakaa! Wewe ulikula chungu kimoja na sisi? Ulikuwepo akifa? Ulimgusa? Bahari yote ile, mwanangu. Unafikiri kifo kinajua kuogelea?"

Baba alicheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Na shule zote zile," alisema.

Nilikuwa msafi. Siku zote zile, kwa hesabu za mama yangu mwenyewe, nilikuwa msafi, na ningeweza kuliegemea lile shavu.

"Basi bado hujavuka," mama aliendelea, sauti yake sasa ni ya kupanga kazi. "Hujagusa kitu. Nenda kwa shangazi yako Masakta, kaa huko, uwaandikie hao masista wako. Waambie mama amekufungua. Si walikupa miezi mitatu? Sisi bado tunayo saba ya meeta, na anayevuka anakaa nayo yote."

Ulikuwa mpango mzuri. Hata sasa naona ulivyokuwa mzuri. Sanduku lilikuwa bado mkononi, na kulikuwa na gari la kushuka Masakta kabla ya jioni. Nilijua barua yenyewe. Sentensi za Kihispania zilikuwa zikijipanga kichwani, safi, bila kosa. Lakini nyuma ya baba, pembeni ya zizi, niliona mawe mapya yaliyopangwa juu ya udongo. Nilikuwa nimemwombolezea kaka yangu miezi kwa kukosea, peke yangu, katika lugha ambayo sikuwa na neno la kumlilia. Sikuweza kumwangalia kutoka barabarani kama mpita njia.

Nikavuka.

"Mjinga wewe!" mama alipiga kelele, akaruka juu. "Mjinga! Baba yake, umemwona? Umemwona mtoto huyu?"

"Nimemwona," baba alisema, akageuka kutazama mahindi.

Mama alipokaa tena, niliketi chini karibu naye, bega kwa bega, na sanduku langu kati ya miguu. Alinitukana tena, taratibu zaidi, kisha akafuta uso kwa upande wa kanga. Baadaye akanisogezea ungo wa maharage aliokuwa akichambua.

"Anzia huku," alisema. "Hayo ya chini yana mawe."