Mtoto wa Kuazimwa

Kuna harufu moja ambayo mpaka leo sijaizoea. Ni ya makoti yaliyolowa mvua yakikauka kwa joto la hita katika chumba cha kusubiria daktari, ikichanganyika na zulia kuukuu na peremende za mnanaa ambazo wazee wa hapa hawaachi kumumunya. Wiki iliyopita nilimpeleka binti yangu kuchanjwa. Mlango ukafunguliwa, harufu ikanijia, na papo hapo nikawa tena na miaka kumi na tano, nimevaa sare ya shule, nimebanwa katikati ya wanawake wawili wa kanisani na kitabu cha hesabu kiko magotini. Nilikasirika hata kabla sijajua kwa nini. Sasa nawaambia ninyi, maana nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Sisi ni watu wa Bukavu. Tuliingia London mwishoni mwa miaka ya tisini, Mama, mimi na wadogo zangu wawili, tukapewa nyumba ya ghorofa ya nne huko Woolwich, nyuma ya soko. Mama alipata kazi ya kusafisha maofisi alfajiri, kabla wenye meza zao hawajafika. Kiingereza nilikipata mimi kwanza, kama mtoto anavyopata surua, ghafla na mwili mzima. Baada ya miaka miwili nilikuwa nasema kama waliozaliwa hapa. Mama alimshukuru Mungu kwa magoti. Angejua, angemwomba anipunguzie kidogo.

Kanisani kwetu watu waliazimana vitu. Masufuria makubwa ya sherehe, viti, cherehani, hata suti moja ya harusi iliyooza makwapa kwa kuvaliwa na wanaume tofauti. Na watoto wenye Kiingereza waliazimwa vilevile. Ibada ikiisha, wamama walimzunguka Mama pale mlangoni, na wa kwanza siku zote alikuwa Mama Zawadi, jirani yetu wa ghorofa ya chini, mjane mnene mwenye kicheko kikubwa na matatizo makubwa zaidi.

"Mama Aline, uniazime mutoto Jumatano. Niko na randevu kwa kaunsili."

Aline ndiye mimi. Randevu ndilo neno letu la miadi, kaunsili ni halmashauri ya mji inayotoa nyumba, na katika nchi hii kila kitu ni randevu: daktari, wakili, nyumba, meno. Mama hakuwahi kukataa. Alikuwa na msemo wake, kwamba mtoto hutoka tumbo moja lakini ulimi wake ni wa watu wote. Mimi sikuulizwa, kama sufuria lisivyoulizwa litapika nini.

Kwa hiyo nikiwa na miaka kumi na tano nilijua maneno ambayo wenzangu darasani hawakuyajua. Nilijua kusema uvimbe wa kizazi, ukungu wa ukutani, kukata rufaa. Nilimweleza daktari habari za hedhi ya mwanamke aliyenizidi miaka thelathini, yeye akitazama dari na mimi nikitazama viatu vyangu. Nilimkalimania shemasi bawasiri zake, na Jumapili iliyofuata alinipa mkate wa Bwana huku amegeukia ukuta. Leo nacheka. Wakati ule sikucheka, kwa sababu karibu randevu zote ziliangukia Jumatano asubuhi, na Jumatano asubuhi tulikuwa na hesabu vipindi viwili.

Shule yetu ilikuwa na kitu kilichoitwa Diploma ya Ubora wa Juu. Waliipata wanafunzi wachache wa mwaka wa mwisho, wale waliofanya karatasi ngumu katika masomo yote na kufaulu mitihani ya majaribio. Ng'ambo ya mto kulikuwa na chuo kizuri kilichowachukua wenye diploma hiyo kabla ya wengine, na mimi nilitaka kwenda chuo hicho nisomee ufamasia. Nilitaka kusimama nyuma ya kaunta na koti jeupe, watu waje wajieleze wenyewe. Masomo niliyaweza. Kilichobaki kilikuwa sharti moja: usiwe mtoro. Kuugua hakukuwa utoro, mradi mzazi aandike barua.

Nilipomwambia Mama neno diploma, aliweka chini kisu cha vitunguu. Mwenyewe aliishia mwaka wa tano wa sekondari, akaolewa, mwaka mmoja tu kabla ya diploma. Kwetu diploma ya sekondari si karatasi. Mtu akiwa nayo hata sauti yake hubadilika. Wiki nzima alinitajia kama mgeni anayetarajiwa: diploma ikija tutaiweka hapa, diploma ikija tutampigia shangazi yako.

Lakini ikija Jumatano, nilikwenda na Mama Zawadi.

Barua za kutokuja shuleni niliziandika mimi, kwa sababu Mama hakujua kuandika Kiingereza. Yeye alisema, mimi niliandika, yeye akatia sahihi. Na Mama aliyaita maovu kwa majina yake. Watoto wengine wa kanisani walikuwa wanaumwa mafua kila randevu, Mama akawadharau wazazi wao. "Mu hii nyumba uongo hauingii," alisema. "Andika: Aline alimsaidia mjane kwa kaunsili." Nikaandika hivyo hivyo. Mama aliamini barua zile zingenisaidia. Bukavu, mkurugenzi wa shule yake alikuwa akiwasimamisha mbele ya wenzao watoto waliowachotea wajane maji. Alidhani huku nako mtu mahali fulani anazikusanya barua hizo, siku moja atazisoma mbele ya watu.

Zilikusanywa kweli. Baada ya barua ya pili niliitwa na Miss Dunmore, msimamizi wa mwaka wetu, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba. Alinieleza taratibu kabisa kwamba kumsaidia mjane si sababu inayokubalika. Siku mbili zile zilikuwa zimehesabiwa utoro. Ya tatu ingenifuta kwenye orodha.

"Ningependa sana kukuona jukwaani," alisema. "Usinifanye nilikate jina lako."

Nilimwambia Mama. Akasema mwalimu huyo hajaelewa, labda niandike vizuri zaidi. Nilimwambia twende tuandike tumbo linaniuma kama watu wote. Alinitazama kama nimetukana msalaba.

Jumatano iliyofuata Mama Zawadi alikuwa na hospitali. Nilikwenda. Jioni Mama akasema maneno yake, mjane, hospitali, uvimbe, nami kwa mwandiko mzuri nikaandika kwamba nilikuwa na maumivu ya tumbo. "Soma nisikie," alisema. Nikamsomea kwa Kiswahili mjane wake wote, hospitali yake yote, kidole changu kikifuata mistari isiyokuwa na neno hata moja la hayo. Akatia sahihi polepole, ulimi umetoka kidogo nje ya mdomo kama anavyofanya akitunga uzi.

Niliona aibu siku hiyo. Mara ya pili niliona aibu kidogo. Kufikia ya tano nilikuwa naandika kabla hajamaliza kusema. Jina langu lilikaa kwenye orodha. Nilifaulu majaribio yote, hesabu nikiwa wa tatu, hesabu niliyojifunzia kwenye viti vya plastiki huku nikisubiri jina la mtu mwingine liitwe.

Sikufikiria jambo moja. Msichana mweusi wa miaka kumi na tano anayeumwa tumbo kila asubuhi ya Jumatano, tena na tena, shule haimwachi hivi hivi.

Wakamwita Mama. Alivaa kitenge chake cha Krismasi, maana alidhani anaitwa kwa habari za diploma. Tulikaa katika chumba kidogo, Miss Dunmore, nesi wa shule, Mama na mimi. Nesi alikuwa mwanamke mpole, mwenye mikono mizito, na upole wake ndio ulionitisha. Akaniambia samahani, si kawaida kumtumia mwanafunzi kama mkalimani, lakini leo hakuna mwingine. Akanigeukia.

"Muulize mama yako kama ameona mabadiliko yoyote kwako. Na kama amewahi kufikiri kwamba huenda una mimba."

Nisikilizeni vizuri. Nilikaa pale nikiwa mkalimani wa mimba yangu mwenyewe isiyokuwepo. Sikuwahi hata kushikwa mkono na mvulana. Ningepata wapi nafasi, Jumamosi kwaya, Jumatano Mama Zawadi.

Na niliona njia ya kutokea. Ningemwambia Mama wanauliza tunakula nini. Angejibu ugali, mboga, samaki, nami ningewaambia anasema hapana, hajaona kitu, tutakwenda kwa daktari wetu. Chumba kizima kilipita kinywani mwangu. Nilifungua mdomo niseme habari za ugali. Lakini nesi, kwa kutaka kusaidia, akamtazama Mama na kuupitisha mkono mbele ya tumbo lake, duara kubwa, na Mama hakuhitaji Kiingereza kwa hilo.

"Aline," alisema. "Huyu anasema nini?"

Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Aliuliza kwa nini wafikiri vile. Nikasema kwa sababu ya barua. Akauliza barua zinasema nini. Nikasema zinasema naumwa tumbo.

"Zote?"

"Isipokuwa mbili za kwanza."

Alikaa kidogo akitazama sahihi zake mezani, moja juu ya nyingine. Kisha akavuta kiti mbele, akanyoosha mgongo. "Sasa uwaambie. Neno kwa neno. Na usipunguze."

Akaanza. Jumatano ya kwanza, Mama Zawadi, kaunsili, ukungu wa chumba cha watoto. Jumatano ya pili, Mama Zawadi tena, bomba la maji. Ya tatu, hospitali, uvimbe. Ya nne, shemasi kwa daktari. Alikuwa nazo zote kichwani, jina la mtu, ofisi, hata mvua kama ilinyesha. Nami nikatafsiri, kwa mara ya kwanza baada ya miezi bila kuongeza wala kupunguza, na kuanzia ya tatu, kila niliposema siku moja Miss Dunmore alivuta karatasi ya mahudhurio, akafuta herufi ya ugonjwa, akaandika herufi ya utoro. Mama aliiona kalamu inafanya kazi. Akapata moyo, akapunguza mwendo ili mwalimu aandike vizuri.

Alipomaliza, nesi alikuwa na machozi. Miss Dunmore alisema anasikitika. Alisikitika vizuri sana, kama watu wa hapa wanavyojua kusikitika, na jina langu akalikata. Mgonjwa wa uongo alikuwa na nafasi jukwaani. Mtu aliyemsaidia mjane hakuwa nayo.

Nje, kwenye kituo cha basi, Mama alikuwa karibu na furaha. "Sasa wanajua wewe ni mutoto wa namna gani."

"Wamenifuta, Mama. Diploma hakuna tena. Ni wewe umewaambia."

Ilimchukua muda. Niliuona uso wake ukitafuta mahali pa kukaa. Mwishoni akasema, "Bora bakuite mutoro kuliko bakuite ile ingine." Basi likaja, tukapanda, hatukukaa pamoja.

Jumapili Mama Zawadi alikuja na randevu yake. Mama akasema, muulize mwenyewe. Nikakubali. Watu wakadhani ni moyo mzuri. Sikuwa na kitu tena cha kulinda, hivyo tu.

Siku ya matokeo ya mitihani yenyewe nilikuwa nimefaulu yote. Kwetu mtu akifaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, mtaa mzima uone. Mama alinisubiri getini na kopo zima la poda ya mtoto, akanimwagia mbele ya wasichana waliokuwa na diploma zao kwenye bahasha ngumu. Poda ikaingia machoni, ikashuka kwenye kola. Niliipangusa kwa hasira, nikamwambia aache kuniaibisha. Alibaki ameshika kopo. Hilo ni moja ya mambo ambayo ningelipa ili niyarudie upya.

Chuo cha ng'ambo kilijaza nafasi zake. Kingine kilinipokea, nikaenda wiki sita, nikaacha, nikaanza kuogesha wazee katika nyumba ya kulelea. Msinipe pole. Kuacha niliacha mwenyewe. Lakini kwa miaka nilimlaumu Mama kwamba hakujua kusema hapana, na Mama alilibeba hilo.

Mwaka juzi nilikwenda kujifungua katika hospitali ile ile nilikompeleka Mama Zawadi. Mkunga alitaka nitembee ili mtoto ashuke, nikatembea ukumbini nimemshika Mama bega. Ukutani, juu ya viti vya plastiki, kulikuwa na bango limepauka kwa jua, pembe zimejikunja, pini zimeshika kutu. Nilisimama mbele yake kupumua. Lilikuwa kwa Kiingereza kitupu. Lilisema kama unahitaji mkalimani, mwambie mfanyakazi, huduma ni bure. Chini yake safu ya majina ya lugha, na Kiswahili kimo, baada ya Kisomali. Nikamuuliza mkunga bango hili lina muda gani. Akasema alipoanza kazi alilikuta, na ana zaidi ya miaka ishirini pale.

"Linasema nini?" Mama aliuliza.

Nikamsomea. Safari hii kidole kilifuata mistari yenyewe. Akaniomba nirudie mahali pa bure, nikarudia. Akakaa kwenye kiti cha chini yake, mkoba mapajani.

"Ningelijua," alisema, "ningewakatalia."

Miaka ile yote tulikaa chini ya bango lile, Mama Zawadi na mimi, na katika ukumbi mzima mtu aliyeweza kulisoma alikuwa mmoja. Alikuwa ameinamia hesabu zake, akiogopa kuachwa nyuma, na hakuinua kichwa hata mara moja.