Mgonjwa Katika Ukumbi wa Mtakatifu Martini

Wewe unayegusa sanamu za watakatifu, ungemlaza mgonjwa usiyemjua kitandani mwako? Mtakatifu Martini wa Porres alimlaza. Shangazi yangu, mfagiaji wa parokia kwa miaka ishirini na sita, aliisikia habari hiyo kwenye mahubiri akaishika kama ilivyo.

Alasiri moja, kesho yake ikiwa sikukuu ya mtakatifu huyo, alimkuta mwanamume anatetemeka kwa homa kando ya ukumbi wa parokia. Akamwingiza ndani, akamtandikia vitambaa vyeupe vya kupambia sanamu.

Mwenyekiti wa kamati ya sikukuu alifoka. "Mama, kesho wageni watakaa wapi? Mtoe, au lete funguo!"

"Gari la hospitali litakuja asubuhi. Nikimtoa leo, kesho tutasherehekea nini?"

"Unanifundisha dini?"

"Nakufundisha kufagia, baba. Mtu si taka."

Mimi na shahada yangu ya chuo kikuu nilikuwa nazunguka uani kama kuku anayetaka kutaga. Nilisogea mlangoni nimpe mwenyekiti vidonge vyake, lakini shangazi alinikanyaga mguu. Hakutoa funguo, wala hakumtoa mgonjwa.

Asubuhi yake, kabla gari halijaja, maandamano yalifika ukumbini kuchukua sanamu ya mtakatifu iliyokuwa humo. Shangazi alisimama mlangoni, kidole mdomoni. "Ndiyo kwanza kapata usingizi," alinong'ona. Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti. Mwenyekiti alitutazama, akainama, akavua viatu vyake vipya, kisha akaingia akinyata kuibeba sanamu.