Koti la Mabawa la Hamriya

Saa tatu asubuhi, Hamriya jijini Muscat, jua limeshakuwa kali na madereva wa teksi wamehamia upande wenye kivuli. Ndani ya duka moja nyuma ya mtaa wa mafundi cherehani, Jerusha Nekesa anapuliza makaa kwenye chetezo. Anatia kipande cha udi, anangoja moshi utulie, kisha anakisogeza chini ya makoti manne mazito ya kuvaliwa kwenye theluji.

Theluji yenyewe hajawahi kuiona.

"Mimi naijua kupitia nguo," anasema. "Koti likirudi limechafuka mgongoni, najua huyo alianguka. Likirudi safi, alikaa hotelini akipiga picha."

Jerusha, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, ni mzaliwa wa Kimilili, Kenya. Duka hili hukodisha nguo za baridi kwa familia za Muscat zinazokwenda kutembea Jojia na Uturuki. Yeye hufua na kufukiza. Analipwa rial 140 kwa mwezi, na sehemu kubwa huishia kwenye karo ya binti yake.

Hakuna nguo inayotoka hapa bila udi. Ni amri ya Mzee Thabit, mwanzilishi wa duka, Mwomani aliyezaliwa Unguja.

"Nguo imevaliwa na watu, utampaje mtu mwengine ina harufu zao?" anauliza. Anauliza kama mtu asiyehitaji jibu.

Jerusha anafanyia kazi chumba cha nyuma, na hicho ndicho kilichotaka kumponza. Mashine za kufulia zimebanwa kwenye kona moja. Kwingine kote kumejaa vituko. Miaka mingi iliyopita Mzee Thabit alinunua mnadani, bila kuiona, mali ya hoteli ya milimani Ulaya iliyofungwa. Alitarajia makoti. Alipofungua kontena akakuta pia mbao za kutelezea zilizopitwa na wakati, na vifaa ambavyo huenda hata wenyewe walivionea aibu.

Kuna ubao mmoja mpana wa kufungia miguu yote miwili, ukianguka umeanguka mzima mzima. Kuna baiskeli isiyo na magurudumu. Kuna mabuti ya plastiki yanayofunguka kwa nyuma, mengi yakiwa yameshapasuka kwa joto la Muscat. Fimbo za kujitegemezea zina uwazi ndani wa kutilia kinywaji. Mzee Thabit alizinusa mara moja tu, akaagiza zizibwe kwa gundi.

Na kuna koti la rangi ya chungwa lenye mabawa. Kitambaa kimeshonwa kutoka mkononi hadi kiunoni, ili mtelezaji atanue mikono na kuegemea upepo. Anayeiuza hoja hii kwa wateja ni Jerusha, kwa uso mkavu kabisa.

Mwaka jana Mzee Thabit alimkabidhi duka mwanawe, Aflah, ambaye hana mzaha na nafasi isiyoingiza kitu. Aflah alitaka kutupa vituko, chumba akipangishe kwa muuza simu, na nguo zipelekwe kwa dobi. Hapo Jerusha asingekuwa na kazi, na kadi yake ya ukaazi ilikuwa inakaribia kuisha.

Baba na mwana walibishana, wakafikia mapatano: kituko kimoja tu kikipata mteja wa kukilipia kabla ya mwezi kwisha, chumba kitabaki.

Jerusha alimpata mteja. Kijana aitwaye Yazid, aliyekuwa akienda Jojia kwa fungate, alilipenda koti la mabawa kwa ajili ya picha. Akasema atarudi kesho yake alilipie na kulichukua.

Jerusha akalifua kwa mkono. Kisha, kwa kuwa hakuna nguo inayotoka bila udi, akalitundika juu ya chetezo na kwenda kupokea wateja. Alisahau kwamba koti hili linaning'inia chini kuliko mengine. Aliporudi, bawa la kushoto lilikuwa limeyeyuka na kuacha tundu la kupitisha kichwa.

"Nikasema leo nimejimaliza mwenyewe," anakumbuka. "Nililia, siwezi kukudanganya."

Alikata kiraka kutoka kwenye leso aliyokuwa amejifunga, nyekundu yenye maua meusi, akakishona. Yazid alikuja, akaangalia, akashukuru kwa adabu na kuondoka mikono mitupu. Jerusha akalibeba koti hadi kwa Mzee Thabit na kumweleza kila kitu.

Mzee alilipapasa bawa. Halafu akauliza ni nani aliyesema kila nguo ifukizwe.

Wiki hiyohiyo Aflah alikuwa ameshamkatia baba yake tiketi ya kwenda Jojia pamoja na wajukuu. Mzee Thabit akasimama mbele ya meza ya duka alilolianzisha, akaweka noti juu yake.

"Nnataka koti la kukodi," alimwambia mwanawe. "Lile la mabawa. Nipe na risiti."

Aflah alijaribu kusema kwamba mwenye mali si mteja. Baba yake akamkumbusha kuwa mali alishamkabidhi yeye. Risiti ikaandikwa. Kadi ya Jerusha imeongezwa muda wa miaka miwili, na Aflah, kwa mujibu wa Jerusha, bado anatafuta namna ya kupiga picha za familia bila baba yake kutanua mikono.

Safari ni mwezi ujao. Jerusha anataka picha moja ya mzee akiwa kwenye theluji, aitundike mlangoni, huenda vituko vingine navyo vikapata wateja. Leo koti linasubiri mbali na chetezo, kwenye msumari wake peke yake.

"Nimemwambia, mzee, ukianguka, anguka upande wa leso," anasema, akigeuza makoti juu ya moshi. "Upande ule mwingine siujui. Huu uzi ni wangu."