Salamu Kando ya Meza ya Ngano

Mwaka 2008, chuo chetu kilipofunguliwa tena kwa kuchelewa, maabara niliyoisimamia karibu na Nakuru ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, madirisha yanayotazama mashamba, na friza ambayo haikuwa imezimika katika miezi yote ya machafuko ya baada ya uchaguzi. Ndani yake mlikuwa na majani ya ngano yaliyochumwa Rongai msimu uliotangulia, mengine mazima, mengine yenye ugonjwa wa kutu. Tulitaka kujua ni jeni zipi huanza kufanya kazi jani linaposhambuliwa na zipi hubaki kimya. Jibu hubebwa na RNA, nakala ya muda ambayo seli huitoa kwenye jeni inayofanya kazi. Nakala hiyo ni dhaifu mno: ngozi ya binadamu ina kimeng'enya kinachoikatakata mara moja, na ndiyo sababu hatukushika chochote bila glavu.

Majani hayo yalikuwa ya mwanafunzi wangu wa uzamili, mwalimu wa sekondari kutoka Subukia. Kila alipotoa RNA na kuipitisha kwenye jeli, utando laini unaotenganisha vipande kwa ukubwa, tuliona ukungu wa RNA iliyokatikakatika mahali palipostahili kuwa na mistari miwili myembamba. Majani yaliyosalia yalitosha jaribio moja tu. Likiharibika, ingebidi angoje ngano ya msimu mwingine, na ruhusa yake ya masomo haikufika huko. Angerudi shuleni kwake bila shahada.

Tulibadilisha maji, kemikali na vyombo; ukungu haukuondoka. Nikaamua kuketi pembeni nimtazame akifanya mazoezi kwa majani mabichi ya uani. Alifanya kazi kwa utulivu uliopendeza. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia fundi wetu wa maabara, mtu mzima mwenye mzaha, aliyekuwa amerejea kazini juma lile.

"Daktari mtarajiwa! Ngano imekubali kuongea?"

"Bado imeninunia, mzee."

Mwanafunzi alisimama, akampa mkono wenye glavu, wakatikisana mikono kwa furaha, kisha akaketi na kufungua kichupa kilichofuata.

Kwetu anayeingia chumbani husalimiwa kwa mkono, naye hupita kwa kila mtu. Mwaka ule desturi hiyo ilikuwa imepata uzito zaidi. Watu walikuwa wametawanyika, na kila aliyerudi aliangalia nani angempa mkono na nani angejifanya ana shughuli.

"Glavu inazuia mkono wako," nikamwambia mwanafunzi. "Mkono wa mzee haiuzuii; inauleta mpaka kwenye kichupa."

Alitazama kiganja chake. "Lakini mwalimu, mwaka huu nimnyime mtu salamu?"

Swali lilikuwa la haki. Ningeweza kufunga mlango kwa ufunguo, ila mwaka ule mlango uliofungwa nao ungetafsiriwa kuwa ni kumkataa mtu.

"Nyumbani nikiwa nakama ng'ombe," mwanafunzi akasema baadaye, "mgeni hunishika hapa." Akaonyesha mkono juu ya glavu, karibu na kiwiko. "Hakuna anayekasirika."

"Kumbe mimi siku hizi ni mgeni wa zizini!" fundi akasema, naye akawa wa kwanza kumshika hapo, kwa heshima zote, huku akiuliza maziwa yako wapi.

Tangu hapo kila aliyeingia alimsalimu hivyo. Wahadhiri wenzangu walizoea, na nadhani waliipenda salamu ile, kwa kuwa ilimlazimu mtu kusogea karibu zaidi. Mazoezi ya majani ya uani yalipotoa mistari safi mara kadhaa, akatoa majani ya mwisho ya Rongai kwenye friza.

Alasiri aliyoiweka jeli juu ya taa tulikuwa watatu. Mistari miwili ilionekana, myembamba, yenye kingo kali, kwa majani mazima na kwa yenye kutu. Fundi alipiga makofi. Mwanafunzi alivua glavu taratibu, akatushika mkono sote wawili.

Alikamilisha vipimo vyake, akaandika tasnifu, akatahiniwa na kufaulu. Ruhusa ilipokwisha alirudi Subukia kufundisha biolojia.