Biskuti za Mawese

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hiyo niliirudia moyoni wiki nzima, mwaka ambao mke wa shemeji yangu aliletwa kwetu Ujiji. Mimi nilikuwa nimeshatimiza miaka kumi na minne ya ndoa katika ukoo ule, na biskuti za Idi kwa mama mkwe zilikuwa zangu, jamani. Mama anaonja kwanza, halafu ndiyo zinapangwa kwenye sinia la wageni. Hakuna aliyewahi kuniuliza zamu ya nani.

Basi huyu binti wa Kibirizi, hata hina haijamtoka mikononi, akaja na kibakuli cha biskuti za mawese. Mawese! Sisi tunayatia kwenye maharage na samaki wetu wa migebuka. Zilikuwa za rangi ya dhahabu, zinavunjika zenyewe mdomoni. Mama mkwe akala tatu. "Mwanangu," akamwambia, "una mkono mtamu wewe!"

Mimi hakuwahi kuniambia hivyo. Zangu alikuwa anatafuna, anasema "Haya," basi. Wivu ulinipanda mpaka masikio yakawa ya moto, na sitaki kuupaka rangi: nilimwonea wivu mtoto wa watu. Niliona sinia langu linakwenda.

Nikasema moyoni, mawese hata mimi ninayo, dumu zima kutoka Simbo. Zilipobaki siku mbili Idi ifike, nikachanganya unga, sukari, mayai na iliki, nikamimina mawese vilevile yalivyotoka kwenye dumu. Kila mwanamke wa Kigoma anajua kwamba mawese ya vitu vitamu lazima uyachome kwanza na kitunguu mpaka harufu iishe. Nami najua! Lakini hasira zilikuwa zimenitangulia jikoni. Nikaoka kwenye sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Nilipoonja moja, loo! Ilinuka maharage ya jana, na mafuta yakaganda kwenye ulimi.

Ningezitupa. Badala yake nikazitia kwenye kibakuli, nikampelekea mama mkwe aliyekuwa uani anachambua mchele.

"Shikamoo mama. Bibi harusi ameleta biskuti nyingine uonje."

Mungu anisamehe. Nilikuwa nasubiri ateme.

Alitafuna. Akameza. Akachukua ya pili.

"Mama, hazinuki?" nikamuuliza, maana uvumilivu ulinishinda.

"Zinanuka sana," akasema, huku anatafuna. "Ila usimwambie, atavunjika moyo. Safari hii kapitiwa, hakuyachoma mawese. Mwenyewe atajua."

"Lakini mama, na wageni je?"

"Wageni hawatazionja, nitazila mimi. Wewe Idi yako ya kwanza hapa ulinitilia chumvi kwenye biskuti, ukidhani sukari. Sinia zima! Nilizila peke yangu siku nne, na chai ya rangi, mtu asizione. Nilikuambia?"

"Hukuniambia, mama."

"Basi." Akaweka kibakuli mapajani, akachukua ya tatu, akaikung'uta makombo. "Haya, na zako za mwaka huu ziko wapi? Zilete nionje, tupange sinia."

Nilikitazama kile kibakuli. Nikamwambia mwaka huu sikupika.