Taa ya Njia ya Uani

Usiku ule nililala nimenuna. Wiki ya tatu hiyo mimi na mke wangu Rehema tunabishana juu ya taa za nje. Yeye anataka za njano, ndogondogo, zichomekwe kwenye maua ya mbele. Mimi nataka moja kubwa, nyeupe, pale getini, mpita njia ajue hapa anakaa mtu. Na mama, anayeishi nasi kwenye chumba cha uani tangu baba afariki, jioni hiyo tena amerudisha kikombe cha chai kimejaa. "Nimeshiba, mwanangu." Kila jioni ameshiba! Nikajua tu, chai ya Rehema haimpendezi. Nimechoka jamani.

Basi nikajiona dukani kwa muuza taa, zote zinawaka, macho yananiuma. Nyuma ya kaunta yuko baba. Alikuwa fundi umeme maisha yake yote, na ile bisibisi yake ya kupimia umeme iko mfukoni mwa shati, kama siku zote.

"Afadhali umekuja, baba," nikamwambia. "Mwambie Rehema."

Yeye anazima taa, moja baada ya nyingine. Namwambia aache, bado sijachagua, wala hanisikii. Ya mwisho inazimika na duka halipo tena. Tuko nyuma ya nyumba yangu, giza totoro. Ananishika mkono, ananipeleka kwenye kinjia cha kutoka chumbani kwa mama kwenda chooni. Najikwaa kwenye ile ngazi iliyobomoka, karibu nianguke kifudifudi.

"Huku kuna nini sasa?" nikamfokea, baba yangu mzazi. "Nani atakuja kuangalia taa huku?"

Akauachia mkono wangu.

"Mama yako hanywi chai kwa sababu ya hapa."

Nikaamka jasho linanitoka. Nikatoka pekupeku mpaka uani, nje bado giza. Mama amesimama mlangoni kwake, kitenge kimekazwa kiunoni, mkono mmoja ukutani, mguu mmoja unapapasa ngazi na kurudi.

"Mama, unafanya nini hapo?"

Akashtuka, halafu akacheka kidogo, kwa aibu.

"Nasubiri kupambazuke, niende chooni. Usijali, baba. Nimeshazoea."

Hasira zote za wiki tatu zikanigeukia mwenyewe. Nikampa mkono wangu, tukashuka naye ile ngazi, polepole.