Nilivyoenda Bodi Kudai Milango, Nikamimina Chai

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: mimi, rais wa wanafunzi wa shule yetu hapa karibu na Chaka, nilienda mkutano wa bodi mara yangu ya kwanza, na badala ya kuongea nikawa mhudumu wa chai. Aki nikikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Kilichonipeleka ni kitu kimoja tu. Vyoo vya wasichana havina milango. Tunaenda wawili wawili, mmoja anasimama nje ameshikilia leso (na upepo wa Kieni mnaujua, hauna heshima). Wasichana walikuwa wameniambia, "Ukikosa milango, usirudi."

Sasa nimeingia, wazee na akina mama wameketi, na mzee mmoja ananinyooshea kikombe. Ungekuwa wewe, na vile tulivyolelewa, ungemwambia nini? Nikamimina. Kikombe kimoja tu! Wa pili naye akanyoosha chake, wa tatu akasema, "Yangu usijaze, mami, niko na presha," mwingine akauliza kama mkate umeisha, na kabla sijajua niko mbio kwenda jikoni kuleta thamosi nyingine, kurudi nakuta maombi yameisha, mkutano umeanza na viti vimejaa. Nikasimama mlangoni, nyuma tu ya kiti cha mwenyekiti, na thamosi yangu nikingoja kukaribishwa (mjinga mimi).

Ndipo mwenyekiti akasema, "Namba nne, mambo ya wanafunzi. Mwakilishi wao hajafika, na hata hajatuma udhuru. Watoto wa siku hizi! Twende namba tano."

"Niko hapa!" nikapaza sauti, nikainua mkono, na mkono wenyewe ni ule wa thamosi, na kifuniko sikuwa nimekaza. Chai yote ikaishia kwenye faili za mwenyekiti.

"Ngai!" akaruka.

"Kwani wewe si msichana wa chai?" mama mmoja akauliza.

Nilitaka kukimbia nisisimame mpaka Nanyuki. Lakini ningewaambia nini wasichana? Nikabaki hapo, nikasema, "Mimi ndiye mwakilishi. Vyoo vyetu havina milango. Mama, wewe ungeingia?"

Yule mama akaweka kikombe chini. Mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu wa bodi, akaangalia makaratasi yake. Mwenyekiti, akipangusa faili, akamwambia, "Andika amefika. Na uandike milango."

Milango saba imewekwa, wa nane bado, na muhula ujao nitarudi kuulizia. Nitakaa kwanza. Mwenye kiu ajimiminie.